Kiunzi cha Kuazima: Kwa Nini Wasomaji Hawakubaliani Kuhusu Riwaya ya Tomi Adeyemi



Riwaya ninayotaka kuizungumzia leo ilitoka Marekani mwezi Machi 2018 kwa jina la Children of Blood and Bone. Mwandishi wake, Tomi Adeyemi, ni Mmarekani aliyezaliwa na wazazi wa Kinigeria, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 24. Kilikuwa kitabu chake cha kwanza, chenye kurasa zaidi ya 500, na haki za kukigeuza filamu zilikuwa zimekwisha kununuliwa kabla hakijafika dukani. Kilipofika, kilipanda hadi juu kabisa ya orodha ya vitabu vya vijana vinavyouzwa sana inayotolewa na gazeti la New York Times. Mwaka 2019 kikatwaa tuzo mbili kubwa za fantasia ya vijana, ile ya Andre Norton na ile ya Lodestar. Anayetazama upande huo peke yake atadhani shauri limekwisha. Wasomaji hawakuona hivyo. Wako waliokisoma bila kukiweka chini, wakasema kwamba kwa mara ya kwanza wamemwona msichana mweusi akishika upanga na hatima ya nchi katika riwaya ya aina hiyo. Wako waliokiacha njiani wakilalamika kwamba kila tukio walikwisha kulisoma mahali pengine. Wako Wanigeria waliojivunia majina ya Kiyoruba kurasani, na Wanigeria wengine waliouliza ni nchi gani hiyo inayoitwa kwa majina ya miji yao. Na wako waliokipenda kitabu chote isipokuwa mapenzi yaliyomo.

Tofauti za namna hii kwa kawaida tunazimaliza kwa njia mbili, na zote mbili ni za mkato. Ya kwanza ni kuhesabu: waliosifu ni wangapi, waliokashifu ni wangapi, tugawanye tupate wastani, na wastani huo tuuite thamani ya kitabu. Ya pili ni kunyanyua mabega na kusema kila mtu na ladha yake. Njia ya kwanza inachanganya sababu zisizochanganyika, kwa kuwa anayelalamikia mwendo wa hadithi na anayelalamikia jina la mungu wake hawazungumzii jambo moja, hata kama wote wametoa alama zilezile. Njia ya pili inamnyamazisha msomaji kabla hajaulizwa sababu. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba mgawanyiko huu una asili yake ndani ya kitabu chenyewe. Adeyemi amechukua kiunzi kilichoundwa kwingine, akakijaza maudhui yenye historia na madai yake. Palipo na upatano kati ya kiunzi na maudhui, wasomaji wanasifu karibu kwa sauti moja. Palipo na mvutano ndipo malalamiko yanaporundikana. Kwa hiyo maoni ya wasomaji yana kazi kubwa kuliko kusifu na kulaumu: yanatuonyesha viungo vya kitabu, kile kilichokaza na kile kilicholegea.

Kwa wale ambao hawajaisoma, hadithi yenyewe ni hii. Katika nchi ya Orïsha waliishi watu wenye sihiri, walioitwa maji (jina la riwayani, si maji ya kunywa), waliogawanyika katika koo kumi, kila ukoo chini ya mungu wake. Miaka kumi na moja kabla ya hadithi kuanza, sihiri ilitoweka, na Mfalme Saran akautumia udhaifu huo kuwaangamiza maji wote waliokuwa watu wazima. Watoto wao wakabaki, wanaotambulika kwa nywele nyeupe, wakitozwa kodi za kuwakomoa na kutukanwa hadharani. Mmoja wao ni Zélie, ambaye mama yake aliuawa katika maangamizi hayo. Binti mfalme, Amari, anamwona baba yake akimuua Binta, mtumishi aliyekuwa rafiki yake, kwa sababu hati ya kale imeiamsha sihiri ndani yake. Amari anaiiba hati na kukimbia, anakutana na Zélie sokoni Lagos, na wawili hao, pamoja na Tzain kaka yake Zélie, wanaanza safari ya kuirudisha sihiri kabla siku maalumu haijapita. Nyuma yao yuko Inan, mwana wa mfalme, aliyetumwa kuwakamata, ambaye njiani anagundua kwamba yeye mwenyewe ana sihiri hiyohiyo anayotumwa kuiangamiza. Zélie, Amari na Inan wanasimulia kwa zamu, kila mmoja kwa nafsi ya kwanza, kwa wakati uliopo.

Kiunzi cha hadithi hii hakijafichwa. Vitu vitatu vitakatifu vinavyopaswa kukusanywa, tarehe ya mwisho isiyosogezeka, kikundi cha vijana wachache dhidi ya dola, mwana wa mfalme anayewinda ili baba amkubali, koo zinazotawala maji, moto, upepo na ardhi: yeyote aliyeitazama katuni ya televisheni Avatar: The Last Airbender, iliyoonyeshwa Marekani kati ya 2005 na 2008, atavitambua vingi kati ya hivyo. Masimulizi ya zamu na uadui unaogeuka mapenzi vinapatikana pia katika An Ember in the Ashes ya Sabaa Tahir, iliyotoka 2015. Adeyemi hakuwahi kukana kwamba kazi hizo mbili zilimwongoza. Msomaji aliyezama katika fantasia kwa miaka mingi anaposema ameyaona haya, anasema kweli. Hata hivyo kijana wa miaka kumi na minne anayesema kitabu hakikumpa nafasi ya kupumua naye anasema kweli, na anasifu kiunzi kilekile ambacho mwenzake anakilaumu. Sura fupi, msimulizi anayebadilika hatari inapokaribia, siku zinazopungua hadi saa ya kafara: hivi ni vyombo vya kazi vilivyokwisha kunolewa na waandishi wengi, na Adeyemi anavishika barabara. Hapa hakuna ubishi wa kweli. Mmoja anataja asili ya chombo, mwingine anataja makali yake.

Ubishi wa kweli unaanza tunapofika kwenye maudhui. Ilorin ni mji wa bara, makao makuu ya Jimbo la Kwara. Ndani ya riwaya ni kijiji cha wavuvi kinachoelea juu ya bahari. Sokoto, Zaria, Gombe na Warri nazo zimehamishwa, zikapewa sura na kazi nyingine. Msomaji wa Kinigeria anayeifahamu miji hiyo anajikuta akikwama kila ramani inapokataa kukubaliana na kichwa chake, na anauliza, kwa haki kabisa, kama jina la mji wake limetumika kwa maana au kwa mapambo. Lakini tukiwafuata miungu badala ya miji, picha inabadilika. Yemoja wa nchi ya Wayoruba anahusishwa hasa na mto Ogun. Yemoja wa Brazil na Cuba ndiye aliyekuwa mungu wa bahari, kwa kuwa waliomchukua walivushwa bahari katika minyororo ya utumwa. Katika Orïsha ya Adeyemi Yemoja ni wa mawimbi na bahari. Mungu wa ukoo wa wafugaji wa wanyama anaandikwa Oxosi, kwa tahajia inayonukia Kireno. Hekalu la kale ambalo wahusika wanaliendea linaitwa Chândomblé, jina linalotoka katika dini ya Waafrika wa Bahia, Brazil. Na si ajabu, kwa sababu Adeyemi amekwisha kueleza kwamba alikutana na picha za orisha, yaani miungu ya Wayoruba, alipokuwa Salvador, Brazil, na hapo ndipo wazo la riwaya lilipomshika. Basi msomaji wa Ibadan anayesema huyu si Yemoja wetu yuko sahihi, na kitabu nacho hakikukosea. Miungu hii ni ya ng'ambo ya Atlantiki, na imerudi Afrika ikiwa na sura iliyoipata uhamishoni. Tatizo ni kwamba kiunzi cha fantasia hakikumpa mwandishi mahali pa kulisema hilo. Nchi ya kubuni haina bahari ya utumwa wala meli zilizovuka. Kwa hiyo miungu ya uhamishoni inatembea katika miji yenye majina ya nyumbani, na msomaji haelezwi imefikaje pale.

Jambo hilohilo liko nyuma ya malalamiko mawili yanayoonekana kupingana. Wako wazazi, Waislamu na Wakristo, wanaoona kitabu kinawafundisha vijana kutukuza miungu mingine. Na wako wanaoishika dini ya orisha, ambao bado ni wengi Nigeria, Brazil na Cuba, wanaoona imani yao imeshushwa ikawa orodha ya uwezo wa vita: ukoo huu hurusha moto, ukoo ule huita maiti. Ninyi mnajua kwamba dini hii haikufa. Kichaka kitakatifu cha Osun kule Osogbo kiliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2005, na ibada zingali zikifanyika humo. Wa kwanza anasema imani imepewa heshima kupita kiasi, wa pili anasema imevunjiwa heshima. Wote wawili wameona tendo moja: imani yenye maadili, mila, uganga na mashairi imepitishwa katika kiunzi kinachotaka kila kitu kiwe nguvu inayoweza kupimwa katika mapambano. Wa kwanza naweza kumwondoa hofu kidogo. Fasihi ya pwani yetu imejaa majini na miujiza tangu hekaya za Alfu Lela Ulela zilipoanza kusimuliwa kwa Kiswahili, na wasomaji wake hawakuacha kuswali. Wa pili simwondolei lalamiko lake, kwa kuwa limegusa kiungo halisi.

Kiungo kilicholegea kuliko vyote ni mapenzi ya Zélie na Inan. Askari wa mfalme, ambao Inan ni mkuu wao, wanakichoma kijiji cha Zélie. Baba yake Inan ndiye aliyeamuru mauaji yaliyomchukua mama yake Zélie. Kwa siku chache tu za kukutana katika ulimwengu wa ndoto na baadaye katika kambi moja, wawili hao wanapendana na kupanga mustakabali wa nchi. Kisha Zélie anakamatwa na kuteswa kwa amri ya Saran, tusi linachongwa mgongoni mwake, na Inan anashindwa kumwokoa. Hakuna sehemu iliyowaudhi wasomaji wengi kama hii, na wengine wanaichukulia kama suala la kupenda au kutopenda hadithi za mapenzi. Mimi naona ni zaidi ya hapo. Kiunzi kinadai kwamba adui mwenye uso mzuri na moyo uliogawanyika lazima apendwe, kwa sababu hivyo ndivyo riwaya za aina hii zinavyofanya, na wanunuzi wanalitarajia. Maudhui yanadai kinyume chake. Ukishaandika maangamizi ya umma mzima, na ukamwonyesha mtoto aliyeshuhudia mama yake akinyongwa, umeweka uzito ambao kubusiana kwa siku chache hakuwezi kuuinua. Anayetaka kumtetea mwandishi atasema kwamba Inan anasaliti mwishoni, kwa hiyo mapenzi yale yalikuwa mtego na funzo. Utetezi huo una nguvu, na naukubali kwa nusu. Usaliti unaeleza kwa nini mapenzi yalivunjika, hauelezi yalianzaje. Msomaji aliyelalamika hakukosa uelewa. Aliuhisi mshono kabla ya mhakiki kuuona.

Sasa tuje kwenye kusudi la mwandishi, maana hapo ndipo tunapopata mtihani mgumu zaidi. Katika maneno yake ya mwisho kitabuni, Adeyemi anasema aliandika katika miaka ambayo habari za Wamarekani weusi wasio na silaha waliopigwa risasi na polisi zilikuwa hazikatiki, na kwamba hofu, hasira na huzuni za habari hizo ndizo alizozimimina humu. Sehemu nyingi za riwaya zinabeba kusudi hilo kwa ufanisi mkubwa: kodi inayopandishwa ili watu wakose pa kuishi, walinzi wanaomshika msichana kwa sababu ya rangi ya nywele zake, mabwana wa kasri wanaothamini weupe wa ngozi, na Amari anayejifunza kwamba kumpenda mtumishi wako si sawa na kumtetea. Ila tatizo moja halikwepeki. Waliouawa katika mitaa ya Marekani hawakuwa na uwezo wa kuteketeza mji. Maji wanao. Saran mwenyewe alipoteza familia yake ya kwanza mikononi mwa maji, na hofu yake, ingawa ukatili wake hauna udhuru, ina kisa cha kweli ndani ya hadithi. Fantasia inataka sihiri iwe ya hatari, la sivyo hakuna mapambano. Fumbo la kisiasa linataka wanaoonewa wawe hawana hatia, la sivyo mwenye bunduki atapata hoja. Adeyemi anajaribu kulitatua kwa kutuweka upande wa watoto waliokwisha kupokonywa sihiri, wanaoadhibiwa kwa uwezo wasiokuwa nao. Hilo linamfaa katika nusu ya kwanza ya kitabu. Sihiri inapoanza kurudi, swali linarudi nayo, na kwa sifa yake mwandishi halifichi: analiweka kinywani mwa Inan na katika mashaka ya Zélie mwenyewe. Wasomaji wanaokiona kitabu kina kina, na wanaokiona kimejichanganya, mara nyingi wanatazama kurasa hizohizo.

Je, basi, kosa ni kuazima? Hapana, na sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu ya kulijua hilo mapema. Shaaban Robert alipotoa Adili na Nduguze mwaka 1952, alikuwa amekichukua kiunzi chake kutoka hekaya za Alfu Lela Ulela: ndugu watatu, wawili wenye husuda, usaliti baharini, na adhabu ya kugeuzwa wanyama wanaochapwa kila usiku na ndugu yao mwenyewe anayewahurumia. Hakuna msomaji makini anayemshtaki kwa wizi, na kitabu kimeendelea kusomwa kwa vizazi. Sababu iko wazi ukivitazama viwili hivi pamoja. Kiunzi cha hekaya ile tangu asili kilikuwa kinauliza swali la wema na husuda kati ya ndugu, na maudhui ya Shaaban, aliyewaita wahusika wake Adili, Hasidi na Mwivu, yalikuwa yanauliza swali lilelile. Alichokiazima kilikuwa tayari kinaelekea alikotaka kwenda. Adeyemi ameazima kiunzi kinachouliza nani atashinda na nani atampenda nani, akakitwika maudhui yanayouliza waliouawa watalipiwaje na waliobaki wataishije. Maswali hayo mawili hukutana njiani mara kwa mara, na hapo kitabu huwaka. Kisha huachana, na hapo wasomaji hugawanyika.

Wala mgawanyiko huu si mpya kwa nchi ya Wayoruba. Mwaka 1952 kampuni ya Faber and Faber ya London ilichapisha The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola, mzaliwa wa Abeokuta aliyekuwa tarishi wa serikali Lagos. Mshairi Dylan Thomas alikisifu katika gazeti la The Observer, na Ulaya ikakishangilia. Wanigeria wengi waliosoma walikasirika: Kiingereza chake hakikunyooka, hadithi zake zilikuwa zinajulikana, na mengi yalifanana na ya D. O. Fagunwa, aliyekuwa amekwisha kuandika kwa Kiyoruba tangu 1938. Waliona Mzungu anapewa Afrika anayoitaka. Ukibadilisha majina na miaka, utaona hoja nyingi ni zilezile zilizomkuta Adeyemi baada ya miaka 66: umeazima, si sisi kamili, unaandikia wa nje. Ni nini kilichokuja kubaki? Sifa za Ulaya zilizozidi kipimo zilififia, na aibu ya wasomi wa Lagos nayo ikafifia. Kilichobaki ni uhakiki uliotazama namna hadithi ilivyojengwa. Chinua Achebe, katika mhadhara alioutoa Ibadan mwaka 1977, alionyesha kwamba safari ya mlevi ambaye ndiye mhusika mkuu wa riwaya hiyo ina mantiki ya kimaadili kuhusu kazi na starehe, na kwamba mateso yake yanalingana na uvivu wake. Hakuuliza kama kitabu kinatuaibisha. Aliuliza kama mambo yake yanashikamana. Swali hilo ndilo lililomdumisha Tutuola darasani.

Najua mapingamizi yatakayonijia. La kwanza litasema kwamba ninakitwika kitabu cha vijana mzigo wa watu wazima. Kiache kisomwe kwa raha. Mimi nasema kijana ndiye wa mwisho tunayepaswa kumdharau hivyo. Waliouona mshono wa mapenzi ya Zélie na Inan wengi wao walikuwa vijana, na waliuona bila kufundishwa nadharia yoyote. Raha nayo ina sababu zake, na kumwonyesha msomaji sababu za raha yake hakumpunguzii raha hiyo. La pili litasema kwamba nimeifukuza ladha mlangoni. Sikuifukuza. Mtu anayechoshwa na masimulizi ya wakati uliopo hana haja ya kuniomba ruhusa achoke. Lakini kuchoka ni habari za msomaji, na mshono ni habari za kitabu. Mjadala wa fasihi unaanza pale mtu anapoweza kusema ni ukurasa upi uliomfanya ahisi alivyohisi, ili mwenzake aufungue ukurasa huo na kukubali au kukataa.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, na linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema waandishi weusi wa fantasia wamefungiwa milango kwa miaka mingi. Huyu mmoja amefanikiwa kupita, na sisi tunakimbilia kuhesabu nyufa zake. Ni kweli kwamba kitabu hiki kilibebeshwa kazi ya kuwakilisha bara zima, mzigo ambao hakuna riwaya moja inayoweza kuubeba, na kwamba sehemu ya hasira ya wasomaji inatokana na mzigo huo na si na kurasa. Tulishuhudia hilo tena wahusika wa filamu yake, inayoongozwa na Gina Prince-Bythewood, walipotangazwa mwaka 2025: Wanigeria wengi wakauliza kwa nini waigizaji waliozaliwa na kukulia Nigeria ni wachache katika hadithi yenye majina yao. Hata hivyo kitabu hakikuwa cha kwanza. Nnedi Okorafor alikwisha kutoa Akata Witch mwaka 2011, riwaya ya vijana inayotokea Nigeria yenyewe, na kabla yao walikuwepo Fagunwa na Tutuola. Tukiwakumbuka hao, mzigo unagawanyika, na kila kitabu kinabaki na makosa yake na sifa zake tu. Na kuhusu kusifu bila kuhakiki, wahenga walikwisha kutuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwandishi aliyesomwa kwa makini ameheshimiwa kuliko aliyepigiwa makofi.

La mwisho litasema tuwaachie Wayoruba wahukumu, kwa kuwa mali ni yao. Katika suala la ukweli wa mila, tahajia na miji, sauti yao itangulie, na wengine tusikilize. Lakini kama mapenzi ya mwuaji na aliyefiwa yanaaminika, au kama fumbo la polisi na wasio na silaha linasimama juu ya miguu ya sihiri, ni maswali ambayo msomaji wa Tanga, wa Lubumbashi au wa Muscat anaweza kuyajibu akiwa na kitabu mkononi. Maarifa ya ndani yanatuambia maudhui yametoka wapi. Kuungana kwake na kiunzi kuko wazi mbele ya kila msomaji.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Children of Blood and Bone ni riwaya yenye mwendo wa kusifika, yenye hasira ya haki, na yenye ujasiri wa kuweka swali gumu la nguvu katikati ya hadithi ya vijana. Imeshindwa pale ilipoiacha desturi ya soko iamue nani ampende nani, na pale ilipoikusanya miungu ya pande mbili za Atlantiki bila kutuonyesha bahari iliyoko kati yake. Walioipenda hawakudanganyika, na walioikataa hawakuionea wivu. Kila upande umeushika ukweli wa sehemu fulani ya kitabu, na anayetaka kukijua kizima hana budi kuzisikia pande zote mbili. Walimu, nawaomba jambo moja la kutenda. Mwanafunzi akiwaambia kitabu ni kizuri au ni kibaya, msimpe alama kwa hukumu hiyo, wala msimpe hukumu yenu. Mwambieni afungue ukurasa alipoanza kukipenda au kukichoka, asome, kisha aseme ni kitu gani kimeungana pale na kitu gani kimeachana. Na ninyi wasomaji vijana, msiogope kutokubaliana kuhusu kitabu. Ogopeni kukubaliana kabla hamjakisoma.